Msumeno wa Trekta wa Kukata Kuni: Kagua Kinga Kabla ya Kuuliza Bei

Mkulima mwenye mikaratusi anayeuzia shule au kiwanda cha chai kuni anajua jinsi shoka linavyochosha. Ndiyo maana wakulima na vikundi vya vijana huulizia benchi la msumeno, yaani meza ya chuma inayofungwa nyuma ya trekta, yenye msumeno wa duara unaozungushwa na PTO. Mashine hii huokoa muda mwingi, lakini ina sehemu mbili zinazoweza kuua, na watu huogopa moja tu.

Meno ya msumeno huogopwa na kila mtu. Shafti inayotoka kwenye trekta hupuuzwa kwa kuwa haina makali. PTO ya kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Ikinasa ncha ya leso au mkono wa dastikoti, huweza kuvuta karibu mita 2 za nguo kwa sekunde moja. Hakuna anayewahi kujinasua. Kwa hivyo shafti lazima ifunikwe na bomba lake la plastiki mwanzo hadi mwisho, na cheni ya bomba hilo ifungwe ili lisizunguke pamoja nayo. Bomba likipasuka, nunua jingine. Kulifunga kwa waya si kulitengeneza.

Unapochagua, usivutiwe na ukubwa wa msumeno. Wenye kipenyo cha sentimita 70 hukata gogo la unene wa sentimita 25 hivi, na hilo latosha kwa kuni nyingi. Magogo mazito zaidi yapasuliwe kwanza. Tazama kitanda kinacholaza gogo. Kilicho bora hubembea: unakisukuma kuelekea msumeno, na ukikiachilia hurudi chenyewe, huku kinga ikifunika meno. Benchi ambalo mtu analisukuma gogo kwa mikono mitupu tunashauri usilinunue, hata likiwa nusu bei. Mafundi wa jua kali wanaweza kuunda benchi zuri, ila mwambie fundi mapema kwamba unataka kinga juu ya msumeno na juu ya mikanda. Uliza pia kasi ya juu iliyoandikwa kwenye msumeno wenyewe. Baadhi ya matrekta yana PTO ya mizunguko 1,000; ukiiweka hapo kwenye benchi la 540, msumeno utazunguka karibu mara mbili ya kasi iliyokusudiwa na unaweza kupasuka.

Kazini, anayelaza gogo ndiye huyo huyo anayesukuma kitanda. Mmoja akilaza na mwenzake akisukuma, siku moja atasukuma mkono wa mwenzake ukiwa bado ndani. Msaidizi alete magogo na kuondoa vipande, asimame mbali na mstari wa msumeno. Gogo lililopinda lilazwe likitulia, sehemu inayokatwa ikiegemea kitanda, la sivyo litabiringika na kuubana msumeno. Miti iliyokuwa ua ikaguliwe vizuri, kwani seng'enge na misumari humezwa na gome.

Gogo likikwama, zima trekta, toa ufunguo utie mfukoni, kisha ungoje msumeno usimame kabisa. Huendelea kuzunguka baada ya injini kunyamaza. Vaa miwani, vizibo vya masikio, buti na nguo zinazobana. Leso, shali na tai ziachwe nyumbani. Watoto wasikaribie.

Ukiajiri mtu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inakutaka uweke kinga kwenye sehemu hatari za mashine. Kusema kwamba kijana alikuwa mzembe hakukuondolei wajibu huo.

Mtu akikatwa, bonyeza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi na upige 999 au 112. Kidole kilichotoka kifungwe kwa kitambaa chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kipelekwe hospitalini pamoja na mgonjwa.