Warekabi na Torati: Kusikia Katika Yeremia 34–36

Mhubiri atakaye kukemea ulevi katika usharika wake hakawii kuifikia sura ya 35 ya kitabu cha nabii Yeremia. Habari yenyewe ni fupi, nayo husimulika vizuri. Katika siku za Yehoyakimu, aliyetawala Yuda tangu mwaka 609 hadi 598 K.K., Bwana alimtuma Yeremia kwa ukoo wa Warekabi, awalete katika nyumba ya Bwana na kuwapa divai wanywe. Wakaletwa, wakaketishwa katika chumba cha wana wa Hanani, karibu na chumba cha wakuu, juu ya chumba cha Maaseya bawabu. Mabakuli yaliyojaa divai yakawekwa mbele yao pamoja na vikombe. Wakakataa. Walisema kwamba Yonadabu mwana wa Rekabu, baba yao, aliwakataza divai wao na wana wao milele. Aliwakataza pia kujenga nyumba, kupanda mbegu na kuwa na mizabibu, akawaagiza kukaa hemani siku zao zote.

Mahubiri mengi yamezaliwa na habari hii, na si mahubiri tu. Mwaka 1835, mjini Salford, Uingereza, kilianzishwa chama cha watu waliojinyima kileo, nacho kikajiita kwa jina la Warekabi. Sisi tuliolelewa katika makanisa ya Afrika Mashariki, ambamo uamsho umeacha alama zake, twaijua hoja yenyewe: Warekabi hawakunywa, Mungu akawasifu, basi nasi tusinywe. Sina nia ya kumtetea mlevi. Madhara ya pombe katika nyumba za Wakristo mchungaji huyaona kuliko watu wengi. Lakini hatuna budi kuuliza kama ndivyo andiko lisemavyo. Anayelitumia andiko kuthibitisha jambo jema ambalo andiko halikulisema amekwisha kujizoeza kutolisikiliza, na siku nyingine atalitumia vivyo hivyo kwa jambo lisilo jema.

Ikiwa sifa ya Warekabi inatokana na yale yaliyomo katika amri ya Yonadabu, basi hatuna ruhusa ya kuchagua divai na kuyaacha mengine. Mhubiri huyo na aihame nyumba ya usharika, akalale hemani, wala mke wake asipande mahindi. Yeremia mwenyewe hakuielewa amri ile kuwa kanuni ya watu wote. Aliwaandikia wahamishwa wa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake (29:5). Yerusalemu ulipokuwa umezingirwa alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, akatangaza kwamba nyumba, mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi ile (32:9, 15). Mambo yale yale ambayo Yonadabu aliyakataza, kinywani mwa nabii yamekuwa ishara za tumaini.

Huyu Yonadabu ndiye aliyepandishwa katika gari la Yehu wakati wa mapinduzi ya Samaria (2 Fal. 10:15–16), yapata mwaka 841 K.K. Kwa hiyo agizo lake lilikuwa limekwisha kupita vizazi vingi, kama miaka 240, lilipojaribiwa hekaluni. Kwa nini aliliagiza? Wataalamu hawakubaliani. Karl Budde, mwaka 1895, aliona hapa maisha ya kuhamahama yaliyoshikwa kwa makusudi ili kuukataa ukulima wa Kanaani pamoja na Baali wake. Frank Frick, mwaka 1971, alileta wazo jingine, kwamba Warekabi walikuwa chama cha mafundi wa vyuma na wa magari ya vita, watu wasiokaa mahali pamoja na wenye siri za kazi za kulinda. Jina la Rekabu lina mizizi ile ile ya neno la Kiebrania rekeb, yaani gari la vita. Tusiamue kwa haraka kati ya hao wawili. Andiko lenyewe halitaji sababu ila moja, nayo ni kwamba wapate kuishi siku nyingi katika nchi wanamokaa kama wageni (35:7).

Tena Warekabi hawaoni haya kukiri jambo moja lisilopatana na agizo lile. Wamo Yerusalemu. Hofu ya jeshi la Wakaldayo na la Washami imewaingiza mjini (35:11). Wanalisema hilo waziwazi, katika maneno yale yale wanayokataa divai. Uaminifu wao si wa watu wanaojidai kwamba hakuna lililobadilika.

Kusikia

Kiebrania cha Agano la Kale hakina neno moja la kawaida lenye maana ya "kutii" peke yake. Hutumia shama, yaani kusikia. Hapa msomaji wa Kiswahili anayo nafasi njema. Mama asemapo, "Mtoto huyu hasikii," hamaanishi kwamba apelekwe kwa mganga wa masikio. Na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Neno hili shama ndilo linaloishikilia sura ya 35 tangu mwanzo hadi mwisho. Warekabi wasema wamesikia sauti ya baba yao (aya 8, 10). Bwana asema kwamba hao wamemsikia baba yao, bali Yuda hawakumsikia Yeye (aya 14 hadi 17). Haulizwi Yuda kama amekunywa. Anaulizwa kama amesikia.

Ulinganisho huu ni wa kutoka dogo kwenda kubwa, jinsi ambayo walimu wa Kiyahudi waliiita qal wahomer. Yonadabu alikuwa mwanadamu. Alisema, akafa, wala hakusema tena. Hata hivyo amesikiwa. Mungu wa Israeli hajanyamaza. Kitabu cha Yeremia kina namna yake ya kulisema jambo hili, nayo yarudi mara nyingi (7:13, 25:3, 35:14–15): Mungu anaamka mapema na kunena, anaamka mapema na kuwatuma manabii. Ni ujasiri mkubwa kumsemea Mungu hivyo, kama mkulima anayetangulia jua shambani, tena asubuhi baada ya asubuhi.

Hapa ndipo ninapoona tofauti ambayo mahubiri yetu huipita bila kuigusa. Agizo la Yonadabu sura hii inaliita mitsva, amri. Haliiti torati hata mara moja. Neno tora latokana na kitenzi chenye maana ya kuelekeza na kufundisha. Latumika kwa mafundisho ya mama kwa mwanawe (Mit. 1:8), na kwa yale anayoyatoa kuhani watu wamwendeapo kuuliza (Yer. 18:18). Wafasiri wa Kiyunani walichagua nomos, nasi katika Biblia yetu tunalo "torati" na, mara nyingi zaidi, "sheria". Neno sheria halina kosa, ila hutupeleka mahakamani upesi mno. Amri iliyokwisha kutolewa yaweza kushikwa hata kama mwenye kuitoa amenyamaza; Warekabi wameonyesha hivyo. Mafundisho humtaka mwanafunzi aendelee kuketi mbele ya mwalimu aliye hai. Kushika torati, basi, ni zaidi ya kuhifadhi urithi wa mababa, ijapokuwa asiyejua kuhifadhi hata urithi wa mababa hawezi kuwa mwanafunzi mwema. Luther aliliona hili katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoifafanua amri ya siku takatifu bila kusema lolote juu ya siku yenyewe: aliigeuza yote kuwa habari ya kutolidharau Neno, bali kulisikia kwa furaha na kujifunza.

Wanafunzi wa theolojia, wakilisoma andiko hili kwa makini, huuliza swali gumu. Je, nabii wa Mungu, ndani ya nyumba ya Mungu, anapomwambia mtu anywe, je, si dhambi kukataa? Swali ni la haki. Jibu limo katika maneno ya Yeremia mwenyewe. Bwana alimwambia yeye awape divai. Lakini Yeremia aliposema nao hakutumia tamko la mjumbe, lile la kwamba Bwana asema hivi. Aliwaambia tu wanywe divai (35:5). Tulinganishe na mzee wa Betheli katika 1 Wafalme 13, ambaye kwa kusema uongo kwamba malaika amenena naye alimrudisha mtu wa Mungu kutoka Yuda, akala na kunywa mahali alipokatazwa, akauawa na simba njiani. Yeremia hakuwatega Warekabi kwa jina la Bwana. Adabu hii ya nabii yafaa kutazamwa na kila mwenye kuvaa joho: ofisi aliyo nayo, chumba alichomo na vyombo vilivyo mezani havitoshi kulifanya neno lake kuwa neno la Bwana, naye hana ruhusa ya kusema kana kwamba vinatosha.

Majirani wa sura ya 35

Sura hii haikuwekwa mahali pake kwa kufuata miaka. Sura ya 34 ni ya wakati wa Sedekia, Yerusalemu ukiwa umezingirwa, mwaka 588 K.K. Sura ya 35 yarudi nyuma kwa Yehoyakimu, na sura ya 36 yaanza katika mwaka wake wa nne. Hata katika tafsiri ya Kiyunani, ambayo mpangilio wake wa kitabu hiki ni tofauti sana, sura hizi tatu zimebaki pamoja, kama 41, 42 na 43. Aliyezipanga alitaka zisomwe pamoja.

Katika sura ya 34 watu wa Yerusalemu wamesikia. Ndiyo, wamesikia, aya ya 10 yalitumia neno shama mara mbili kwa ajili yao. Torati iliagiza kwamba mtumwa wa Kiebrania aachwe huru katika mwaka wa saba (Kum. 15:12), nayo ilikuwa imesahauliwa muda mrefu. Wakaldayo walipoyazunguka malango, wakuu na watu wote walifanya agano hekaluni, wakamkata ndama vipande viwili na kupita katikati yake, wakawaacha huru watumwa wao wanaume kwa wanawake. Kisha jeshi la Farao likatoka Misri, Wakaldayo wakaondoka kwa muda (37:5), nao wakawarudisha watumwa wao wale wale. Kiebrania hutumia kitenzi kimoja, shuv, kwa mambo yote mawili: mligeuka mkatenda haki, mkageuka mkalinajisi jina langu (34:15–16). Toba na ukengeufu vyavaa vazi moja.

Hakuna aliyekosa elimu hapa. Mafundisho waliyajua, wakayatenda, wakayatia muhuri kwa ibada. Gharama ya kutodumu kwao hawakuilipa wao kwanza. Ililipwa na mjakazi aliyekwisha kuonja uhuru, kisha akaja kuchukuliwa tena na bwana wake aliyeapa mbele ya Mungu. Sisi wachungaji tumezisikia nadhiri zinazowekwa kando ya kitanda cha mgonjwa na wakati wa ukame, tena tumeziombea. Aghalabu kuna mtu wa tatu ndani ya nadhiri hizo: mfanyakazi wa nyumbani asiyelipwa mshahara wake, ndugu aliyenyang'anywa shamba, mjane wa kaka. Mvua ikinyesha, yeye ndiye anayerudishwa alikokuwa.

Ndipo Warekabi wanapoingia, na hapo tu ndipo nguvu ya habari yao inapoonekana. Baada ya watu walioshindwa kudumu katika neno la Mungu hatari ilipopungua, wanaletwa watu waliodumu katika neno la mwanadamu kwa miaka 240, na ambao hata hatari haikuwafanya wanywe.

Upande wa pili yupo Yehoyakimu mwenyewe. Mwezi wa tisa wa mwaka wake wa tano, yaani mwishoni mwa mwaka 604 K.K., ameketi katika nyumba ya wakati wa baridi, na moto unawaka mbele yake. Yehudi anamsomea gombo ambalo Baruku aliliandika kwa imla ya Yeremia. Kila zisomwapo safu tatu au nne, mfalme anazipasua kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni. Kitenzi ni qara, kupasua. Mwandishi anaongeza mara moja kwamba mfalme na watumishi wake hawakuyapasua mavazi yao (36:23–24), na kila msomaji wa Kiebrania hapo hukumbuka baba yake, Yosia, aliyeyapasua mavazi yake aliposomewa kitabu cha torati (2 Fal. 22:11). Baba alipasua nguo, mwana akapasua kitabu. Elnathani, Delaya na Gemaria walimsihi asilichome, naye hakuwasikia. Ni shama tena.

Na mwisho wa sura Mungu anaamka mapema kama desturi yake. Yeremia anatwaa gombo jingine na kumpa Baruku, naye anaandika maneno yote ya lile lililoteketea, kisha yanaongezwa mengine mengi ya namna ile ile (36:32).

Warekabi nao waliahidiwa kwamba Yonadabu hatakosa mtu wa kusimama mbele za Bwana (35:19). Katika orodha ya wale waliojenga upya kuta za Yerusalemu pamoja na Nehemia, aliyefika huko mwaka 445 K.K., yumo Malkiya mwana wa Rekabu, mkuu wa wilaya ya Beth-hakeremu (Neh. 3:14). Andiko halisemi kama alitoka katika ukoo huu. Kama alitoka humo, basi mtoto wa watu waliokatazwa kujenga na kupanda mizabibu alitawala wilaya ambayo jina lake maana yake ni Nyumba ya Shamba la Mizabibu, akalijenga Lango la Jaa, akaitia milango yake na makomeo yake.