Homa ya Bonde la Ufa: Virusi vinavyofunga karakana ya seli

Mvua za El Nino zilipofurika Garissa mwishoni mwa 1997, kondoo na mbuzi walianza kutupa mimba kwa wingi. Punde wafugaji nao wakashikwa na homa, baadhi yao wakitokwa na damu. Watafiti walikadiria baadaye kuwa watu 27,500 waliambukizwa katika wilaya hiyo. Maradhi yalirejea Desemba 2006, na kufikia Machi 2007 Kenya ilikuwa imeandikisha visa 684 na vifo 155.

Maelezo mengi tunayochapisha kuhusu homa hii huishia kwa mbu na nyama mbichi. Ni sahihi, ila hayasemi virusi humfanya nini aliyeambukizwa.

Ndani ya kiini cha kila seli mna sehemu iitwayo nukleoli. Hiyo ndiyo karakana ya kuunda ribosomu, mitambo inayotengeneza protini zote za mwili. Ribosomu hujengwa kwa RNA ndefu ambayo sharti itiwe alama mahali takriban 200. RNA fupi za nukleoli huonyesha pa kutia alama. Kazi yenyewe hufanywa na protini zilizoshikamana nazo. Katika kundi moja wamo fibrilarini, NOP56, NOP58 na 15.5K. Fibrilarini hutia alama ya methili, nazo nyingine huushikilia muundo mzima. Kundi la pili ni la diskerini, GAR1, NHP2 na NOP10, na kazi yake ni kugeuza herufi moja ya RNA iitwayo uridini.

Kwa binadamu, nyingi ya RNA hizo fupi hukatwa kutoka ndani ya nakala za jeni nyingine. Kunakili kukikoma, miongozo mipya haipatikani, wala protini zake hazipati maagizo mapya ya kutengenezwa.

Hapo ndipo virusi hupiga. Ingawa huzaliana nje ya kiini, hupeleka ndani protini yao iitwayo NSs. Mwaka 2004 watafiti nchini Ufaransa walionyesha kuwa NSs hunasa sehemu za TFIIH, chombo ambacho bila hicho seli hainakili jeni, na kuzifungia katika nyuzi ndefu. Seli hushindwa hata kutoa interferoni, king'ora chake cha hatari. Ribosomu zilizokwisha kuundwa husalia, na virusi huzitumia kujitengenezea protini: mwizi amefunga jiko, lakini chakula kilichokwisha iva anakila yeye.

Aina moja ya virusi hivyo, Clone 13, imepoteza sehemu kubwa ya NSs na haina makali. Afrika Kusini iliiidhinisha kuwa chanjo ya mifugo mwaka 2010. Binadamu hadi sasa hana chanjo iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida. Mfugaji wa Ijara hutegemea mifugo yake ichanjwe kabla ya mvua, kwani mayai ya mbu yenye virusi huweza kukaa udongoni kwa miaka yakingoja mafuriko.