Kiharusi: Damu na Swali la Kupona (3)

Wiki iliyopita tuliishia pale mgonjwa anapotolewa kwenye kipimo cha CT. Ndugu wako koridoni, na swali lao ni moja: atatembea tena? Daktari mkweli huwa mzito kulijibu. Je, damu yaweza kumsaidia?

Seli ya neva ina mkia mrefu wa kupitishia taarifa, na ndani yake mna nyuzi za protini zinazoupa mkia huo uimara. Mojawapo huitwa nyurofilamenti nyepesi. Sehemu ya ubongo ikikosa damu, mikia hukatika na nyuzi huvuja, mwishowe zikaingia kwenye damu. Kiasi chake ni kidogo mno. Hupimwa kwa pikogramu, yaani sehemu ya trilioni ya gramu. Tena protini hii haina haraka: hupanda siku hadi siku, ikafika kileleni baada ya wiki mbili tatu hivi, ikabaki juu kwa miezi. Basi damu ya saa za mwanzo, ambayo ndiyo kila mtu angetaka kuipima, haina mengi ya kusema. Uzee na figo mbovu navyo huipandisha, kwa hiyo namba tupu hupotosha.

Kopeptini haingoji. Ubongo unapomwaga vasopresini, homoni inayobana mishipa na kuzuia maji mwilini, kopeptini hutoka nayo sawa kwa sawa. Vasopresini huharibika upesi ndani ya kichupa. Kopeptini hustahimili, ndiyo maana maabara huipima hiyo. Mwaka 2009 Mira Katan na wenzake wa Basel, Uswisi, walionyesha kwamba wagonjwa waliofika na kopeptini nyingi ndio waliokuwa hatarini zaidi kufa au kubaki na ulemavu siku 90 baadaye. Kinachosomeka hapo ni msukosuko wa mwili mzima, si jeraha la ubongo peke yake.

Hata hivyo, sijaona kichupa kinachomshinda daktari anayesema, “Inua mkono, nione.” Umri na ukali wa kiharusi siku ya kwanza ndivyo hubashiri zaidi, protini hizi huongezea tu. Na ajabu, kipimo cha damu kisichokosekana kabla ya dawa ya kuyeyusha bonge la damu ni kile cha bei rahisi cha tone la kidoleni: sukari. Ikipanda sana, matumaini ya kupona vizuri hupungua. Ikishuka sana, yenyewe huiga kiharusi, mkono ukalegea na ulimi ukawa mzito, na glukosi ikaurekebisha.

Wiki ijayo: protini inayodokeza kama mshipa umeziba au umepasuka.