Kabla ya kulaumu rezo, pima mashini yako

Huku Nyangwe wengi tunaingia intaneti kwa njia moja: telefone inashika rezo, inagawa Wi-Fi, mashini inapokea. Koneksio ikikatika katikati ya kutuma dosie ya kazi, neno la kwanza ni "rezo ya huku, bure kabisa". Mara nyingi ni kweli. Lakini mimi nilishaunguza mega usiku mzima kwa dosie moja, kumbe antena haikuwa na kosa.

Wakati imekatika, fungua ukurasa kwenye telefone yenyewe. Kama unafunguka, basi rezo iko, shida iko kati ya telefone na mashini. Hapo omba mashini ya mwenzako, uiunganishe kwenye telefone ile ile. Ikikaa vizuri wakati yako inaanguka, hiyo njo karte ya Wi-Fi iliyo ndani ya mashini yako.

Sababu ambayo watu hawaifikirii ni batri. Tunachaji kwa pano mchana, usiku tunatumika kwenye batri. Windows ikiona hakuna umeme, inabana matumizi, na karte inaweza kulazwa usingizi hata faili ikiwa njiani. Ndiyo maana mashini moja inaweza kwenda sawa ikiwa kwenye kurani, halafu ikasumbua ukiichomoa.

Dawa yake: bonyeza upande wa kuume juu ya "Démarrer", fungua "Gestionnaire de périphériques", kisha "Cartes réseau". Bonyeza mara mbili jina la karte ya Wi-Fi, ingia "Gestion de l'alimentation", ondoa alama kwenye mstari unaoruhusu mashini kuzima kifaa hicho. Batri itaisha mapema kidogo, lakini dosie itafika. (Mashini zingine hazina ukurasa huo, usipoteze muda kuutafuta.)

Kama ilianza baada ya fundi kuifungua kutoa vumbi, umwulize juu ya nyuzi ndogo za antena zinazoshikwa kwenye karte. Uzi mmoja ukichomoka, Wi-Fi inabaki dhaifu, hata telefone ikiwa mezani.

Na kama tarehe ya mwisho ni leo usiku, acha kutengeneza. Chukua kamba ya USB ya kuchajia, ile inayopitisha na faili, chomeka telefone kwenye mashini, na kwenye telefone uchague kugawa koneksio kwa USB. Karte ya Wi-Fi haitumiki tena hapo. Tuma kwanza, fundi kesho.