Safari ya Tahadhari: Kutoka kwa Mtabiri Hadi kwa Nahodha wa Mashua

Na Mwandishi Wetu

Alfajiri ya Desemba 26, 2004, kwa saa za Afrika Mashariki, tetemeko kubwa la ardhi lilitokea chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Mawimbi ya tsunami yaliyotokana nalo yalisafiri kwa zaidi ya saa saba kabla ya kufika pwani yetu. Kituo cha tahadhari za tsunami cha Bahari ya Pasifiki, kilichopo Hawaii, kilibaini tetemeko hilo katika muda wa dakika 15 hivi, lakini hakikuwa na utaratibu wowote wa kuzifikia nchi za Bahari ya Hindi. Nchini Somalia watu karibu 300 walipoteza maisha. Nchini Kenya, ambako vyombo vya habari vilikwishatangaza maafa ya Asia na polisi wakawaondoa watu ufukweni, alifariki mtu mmoja. Tanzania nayo ilipoteza watu, baadhi yao wakiwa waogeleaji katika fukwe za Dar es Salaam. Taarifa ya kuwaokoa ilikuwapo duniani tangu alfajiri; haikuwa na njia ya kuwafikia.

Ndiyo maana wataalamu wa usimamizi wa maafa wanapobuni mfumo wa kubadilishana taarifa hawaanzi na kompyuta wala minara ya mawasiliano. Huanza na swali la kiutawala: nani ana mamlaka ya kutamka, anamtamkia nani, na nani ana wajibu wa kutenda baada ya kusikia. Hapa nchini, sehemu kubwa ya swali hilo imekwishajibiwa. Tahadhari za hali mbaya ya hewa hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), ambayo pia hupokea taarifa kutoka katika mfumo wa tsunami wa Bahari ya Hindi ulioanzishwa chini ya UNESCO baada ya maafa yale. Uratibu wa maafa upo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa Namba 6 ya Mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia ngazi ya Taifa hadi kijiji na mtaa. Kwa upande wa Zanzibar ipo Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa.

Ugumu upo katikati. Ujumbe unaotoka kwa mtabiri hupita mikono mingi kabla ya kumfikia nahodha wa mashua, na kila mkono unaweza kuuongezea neno au kuupunguza.

Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2004 umekuwapo muundo mmoja wa kimataifa wa kuandika tahadhari, unaofahamika kwa kifupi kama CAP, yaani Itifaki ya Pamoja ya Tahadhari. CAP si mtambo wala programu ya kununuliwa. Ni mfano wa fomu. Inamtaka mtoaji ajaze jina la taasisi yake, saa aliyotuma, eneo linalohusika na aina ya hatari, kisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa: uharaka, ukubwa wa athari na uhakika wa kutokea. Kimbunga kinaweza kuwa na athari kubwa sana ilhali uhakika wa kufika nchi kavu ni mdogo. Wasomaji wa taarifa za TMA wanaufahamu utengano huu, kwani chini ya kila angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa huandikwa kiwango cha uwezekano wa kutokea na, kwa mstari wake wenyewe, kiwango cha athari zinazoweza kutokea. Fomu ikiwa moja, redio, kampuni ya simu na ofisi ya bandari zinaweza kuupokea ujumbe ule ule bila mtu yeyote kuuandika upya.

Sehemu ya fomu hiyo ambayo hupuuzwa mno ni saa ya kwisha. Katika CAP kila tahadhari hupewa namba yake, muda wa kuanza na muda wa kumalizika, na ujumbe unaofuata hutamka iwapo unaihuisha ile ya awali au unaifuta. Linaonekana jambo la kikarani, lakini fikiria picha ya tangazo la mvua kubwa inayosambazwa katika makundi ya simu siku nne baada ya mvua kwisha, tarehe ikiwa imekatwa. Mwananchi aliyeondoka nyumbani kwa tangazo la namna hiyo hataondoka kirahisi mara ya pili. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo; mbiu inayolia kila siku pasipo jambo huwafundisha watu kutoisikia.

Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilionesha upande wa pili wa suala hili. TMA ilitoa taarifa mfululizo, usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ukasitishwa, na Mei 4 kimbunga kikafika kisiwani Mafia kabla ya kupoteza nguvu. Pwani yetu haina mazoea ya vimbunga. Kile kilichoiharibu Zanzibar mwaka 1872 na kile kilichopiga Lindi mwaka 1952 havimo katika kumbukumbu za wavuvi wengi wa leo. Hata hivyo, upepo ulipokwisha kutulia, barabara kuu ya kusini ilikuwa imekatwa na maji eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Hatari ya upepo ilikuwa na mwisho wake na hatari ya maji ilikuwa na mwisho mwingine. Mfumo mzuri huziandikia tahadhari mbili tofauti, ili kufutwa kwa moja kusieleweke kuwa ni ruhusa ya kusafiri.

Kisha kuna lugha ya maelekezo. Upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili ni vipimo sahihi, lakini mwenye ngalawa anahitaji kuambiwa kama atoke au asitoke, na aliyeko dago kisiwani arudi kabla ya saa ngapi. Tafsiri hiyo haiwezi kufanywa Dar es Salaam peke yake. Inafanywa mwaloni, na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi na mwenyekiti wa kijiji, ambao wanajua nani yuko baharini na nani hana simu.

Watu hao hao ndio chanzo cha taarifa ya kurudi, na hapa ndipo mifumo mingi duniani imekuwa dhaifu. Ndege ya abiria ilipoanguka katika Ziwa Victoria, Bukoba, Novemba 6, 2022, wavuvi walikuwa miongoni mwa waliofika mapema kuokoa. Watu 24 kati ya 43 walinusurika. Mfumo unaomhesabu mvuvi kuwa msikilizaji tu humpoteza shahidi wa kwanza, mwenye chombo majini na anayeweza kusema ni watu wangapi ameshawatoa.

Katika misaada ya kibinadamu kubadilishana taarifa kuna mpaka wake. Baada ya maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023, wilayani Hanang, Serikali ilifungua kambi za muda kwa waliopoteza makazi. Katika kambi ya aina hiyo, mtoa chakula anahitaji idadi ya kaya, daktari anahitaji kujua nani anatumia dawa za kila siku, na mtoa mahema anahitaji ukubwa wa familia. Orodha ikiwa moja, familia haihesabiwi mara mbili wala kurukwa. Lakini si kila mmoja wao anahitaji jina, namba ya simu na ugonjwa wa mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi lililotajwa na zitumike kwa kusudi hilo. Kwa hiyo mratibu huitunza orodha yenye majina, na kila mdau hupatiwa safu anazozihitaji, pamoja na tarehe ambayo nakala yake inapaswa kufutwa.

Makubaliano hayo huandikwa na kutiwa saini kabla ya maafa. Mvua ikishaanza kunyesha na simu za wakuu wa idara zikawa hazipatikani, hakuna atakayepata nafasi ya kujadili nani aone safu ipi.