Uzamili ng'ambo ya mpaka: Kagua karatasi kabla ya kulipa ada

Mfanyabiashara wa mpakani hahitaji kufundishwa kwamba mzigo usio na karatasi ni hasara. Anayevusha mahindi Sirari au nguo Mutukula anajua kuwa bidhaa nzuri inaweza kulala yadi siku kadhaa kwa kukosa cheti kimoja cha uasili. Lakini wapo wanaokagua kila karatasi ya shehena, kisha wanapompeleka kijana wao kusoma shahada ya uzamili nchi jirani, wanalipa ada kabla ya kuuliza jambo la msingi: cheti atakachorudi nacho kitatambuliwa nyumbani?

Swali hilo ni zito kwa sababu katika familia nyingi za wachuuzi fedha ya ada ndiyo mtaji wenyewe. Mama mwenye duka la vitenge akitoa nusu ya mtaji kulipia masomo ya miaka miwili, duka linayumba kwa muda huo wote. Kijana akirudi na shahada ambayo mwajiri haikubali, familia imepoteza ada, faida ambayo fedha hiyo ingezaa, na miaka miwili ya kijana.

Maelezo yafuatayo ni kwa wenye shahada ya kwanza wanaotaka kuomba nafasi ya uzamili katika nchi nyingine ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakiwemo wafanyabiashara wenyewe.

Jumuiya moja, mizani tofauti

Kuvuka mpaka kwenda kusoma si jambo geni. Kuanzia 1963 hadi 1970 kulikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki chenye vyuo vitatu ndani yake: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Katika miaka ya mwanzo aliyetaka udaktari alikwenda Kampala, aliyetaka uhandisi akaenda Nairobi, na mwanasheria akasomea Dar es Salaam.

Chuo hicho kilipovunjwa mwaka 1970, kila nchi ilijenga utaratibu wake. Leo Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, IUCEA, lenye makao yake Kampala, linaratibu kazi ya kuoanisha taratibu hizo. Mei 2017 wakuu wa nchi waliitangaza Jumuiya kuwa Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu, kwa lengo kwamba shahada ya nchi moja ieleweke na kukubalika katika nchi nyingine. Lakini wasomaji wetu wanalijua Soko la Pamoja, lililoanza Julai 2010: tangazo la wakuu ni jambo moja, na kinachotokea kwenye meza ya ofisa ni jambo jingine.

Chukua suala la alama. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupima kwa wastani usiozidi 5, na daraja la pili la juu huanzia 3.5. Makerere nayo hutumia kipimo cha 5, ila daraja hilo huanzia 3.6. Nairobi huhesabu kwa asilimia, na daraja hilo huanzia 60. Kwa hiyo mwenye 3.5 ya Dar es Salaam ana daraja la pili la juu, lakini akisomwa kwa jedwali la Makerere ataonekana wa daraja la pili la chini. Mhitimu wa Burundi au Congo anakuja na mfumo mwingine kabisa, na vyeti vyake viko kwa Kifaransa.

Usimwachie ofisa wa udahili kazi ya kukisia. Ambatanisha ukurasa wa transkripti unaoeleza madaraja ya chuo chako. Vyeti vya Kifaransa vitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika, na tafsiri iende pamoja na nakala ya cheti chenyewe.

Ithibati ina ngazi mbili

Kila nchi ina chombo kinachosimamia vyuo vikuu. Tanzania kuna TCU, Kenya kuna CUE, Uganda kuna NCHE, na Rwanda kuna HEC. Waombaji wengi huuliza tu kama chuo kimesajiliwa. Hilo ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni kama programu unayoomba ina ithibati, na ithibati hiyo inaisha lini.

Mwaka 2023 mjadala mkubwa ulizuka Uganda baada ya orodha za NCHE kuonyesha kwamba muda wa ithibati wa programu nyingi ulikuwa umepita, zikiwemo za vyuo vyenye majina makubwa. Vyuo vilikuwa halali, na wahitimu wake hawakuwa wamekosea lolote. Hata hivyo, waliokuwa wakitafuta kazi na masomo nje walijikuta wakihojiwa kuhusu vyeti vyao.

Basi fanya hivi. Angalia programu yako kwenye orodha ya msimamizi wa nchi unakokwenda. Kisha andikia chombo cha nchi yako, uulize kama kitaitambua shahada hiyo ukirudi nayo, na jibu liwe la maandishi. Mtanzania anayekwenda kusoma nje aulize TCU kuhusu barua ya kutokuwa na pingamizi kabla hajaondoka. Kama fani ina bodi yake ya taaluma, kama uhasibu, uhandisi, udaktari au sheria, uliza na bodi hiyo pia, maana shahada inaweza kutambuliwa na tume ya vyuo na bado bodi ikadai mtihani wa ziada.

Tafuta msimamizi mapema

Katika shahada ya kwanza unaomba kiti darasani. Katika uzamili, hasa wa utafiti, unamhitaji pia mwalimu atakayekusimamia hadi umalize tasnifu. Mwombaji mwenye alama nzuri anaweza kukosa nafasi kwa sababu hakuna mwalimu wa idara mwenye ujuzi wa mada yake. Mwingine anapokelewa, kisha anakaa miezi bila msimamizi huku ada ikiendelea kudaiwa.

Soma kurasa za walimu wa idara, ona wameandika nini miaka ya karibuni, halafu mwandikie mmoja barua pepe fupi. Eleza wewe ni nani, unataka kuchunguza nini, na kwa nini umemwandikia yeye. Barua ya kusema tu kwamba unapenda sana kusoma na unaomba msaada haimpi mwalimu cha kujibu.

Mada nzuri haiko mbali na soko. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, na malori yakasimama mpakani. Kijana aliyesoma kilimo, kemia au uchumi anaweza kutoa hapo maswali ya utafiti zaidi ya moja: unyevu wa mahindi hupimwa wapi kabla ya kupakiwa? Hasara ya siku moja ya kusubiri inamwangukia nani? Sokoine cha Morogoro ni chuo cha kilimo. Egerton cha Kenya kina kituo cha umahiri cha kilimo endelevu na biashara ya kilimo. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela, iliyoanzishwa kwa ajili ya masomo ya juu ya sayansi na teknolojia. Anza na swali, kisha tafuta chuo chenye mtu wa kukusaidia kulijibu.

Uzoefu wa sokoni ni sifa

Mfanyabiashara mwenye shahada ya kwanza asijione amechelewa. Programu nyingi za uzamili wa usimamizi wa biashara hupendelea mwombaji aliyekwisha kufanya kazi, na nyingine hukubali uzoefu uzibe pengo la alama za wastani. Ila uzoefu huo lazima uthibitishwe. Leseni ya biashara, taarifa za kodi za TRA, KRA au URA, nyaraka za forodha na taarifa za benki vinaonyesha umefanya nini na kwa muda gani.

Katika maelezo binafsi, toa hesabu badala ya sifa. "Mimi ni mchapakazi" inaweza kuandikwa na yeyote. Kusema ulianza na mabunda mangapi, sasa unavusha mangapi, na tatizo gani limekushinda hata ukaona unahitaji elimu zaidi, hilo ni lako peke yako.

Barua za wadhamini zinahitaji uangalifu huo huo. Walau moja itoke kwa mwalimu aliyekufundisha. Mpe mwezi mzima, nakala ya transkripti na muhtasari wa unachoomba. Barua ya mtu mwenye cheo kikubwa asiyekufahamu haifikii ya mhadhiri anayekumbuka kazi yako.

Piga hesabu ya safari nzima

Ada iliyo kwenye tangazo ni sawa na bei ya mzigo kiwandani. Bado hujaweka usafiri, ushuru na ghala. Kwa mwanafunzi, ongeza ada ya usajili, mtihani, bima ya afya, malazi, kibali cha mwanafunzi, gharama za utafiti na uchapaji wa tasnifu. Kumbuka pia kwamba wewe unauza kwa shilingi moja na kulipa kwa nyingine, na kiwango cha kubadilisha fedha kitacheza ndani ya miaka miwili.

Uliza kwa maandishi kama raia wa Jumuiya analipa ada ya mwenyeji au ya mgeni. Baadhi ya vyuo humtoza sawa na mwenyeji, vingine bado hutenganisha, na pengo linaweza kuamua kama utaweza kumaliza. Uliza pia wanafunzi wa idara hiyo kwa kawaida humaliza baada ya muda gani. Programu inaweza kuandikwa miaka miwili, lakini tasnifu ikichelewa kuna ada ya mwaka wa nyongeza.

Gharama inayosahaulika zaidi ni kibali cha utafiti. Tanzania hutolewa na COSTECH, Kenya na NACOSTI, Uganda na UNCST. Mwanafunzi anayetaka kuwahoji wachuuzi pande zote mbili za Busia aombe vibali viwili, kila kimoja na ada yake na muda wake wa kusubiri. Aanze mapema, la sivyo muhula utakwisha akiwa bado na barua mkononi.

Kuhusu uhamiaji, kitambulisho cha taifa kinaweza kumvusha msafiri kati ya Kenya, Uganda na Rwanda, lakini kuingia kama mgeni si ruhusa ya kusoma. Andaa pasipoti na uombe kibali cha mwanafunzi mara upatapo barua ya udahili.

Ufadhili na madalali

Kabla ya kugusa mtaji, tafuta ufadhili. Mpango wa ufadhili wa Jumuiya ulioanza 2018 chini ya IUCEA kwa fedha za serikali ya Ujerumani ulilenga shahada za uzamili za sayansi, uhandisi, teknolojia na biashara, kwa sharti kwamba mwanafunzi asome nje ya nchi yake. Umoja wa Afrika una Chuo Kikuu cha Afrika Nzima, ambacho taasisi yake ya sayansi na teknolojia iko JKUAT, Kenya. Shirika la DAAD la Ujerumani nalo hufadhili Waafrika wanaosoma ndani ya Afrika. Kila mpango una masharti na dirisha lake, hivyo soma tangazo la mwaka husika kwenye ukurasa wa taasisi yenyewe, si ujumbe uliosambazwa kwenye simu.

Akija mtu anayeahidi nafasi au ufadhili kwa malipo ya pembeni, mchukulie kama unavyomchukulia anayejitolea kuvusha mzigo kwa njia ya panya. Ada ya maombi ilipwe kwa akaunti au namba ya malipo iliyotolewa na chuo, na risiti iwe na jina la mwombaji.

Anza mwaka mmoja kabla

Makerere kwa kawaida huanza masomo Agosti, vyuo vingi vya Kenya Septemba, na Dar es Salaam kati ya Oktoba na Novemba. Anayetaka kuanza mwakani aombe transkripti sasa, aandikie wasimamizi miezi miwili ijayo, na awe na majibu ya ithibati mkononi kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Kisha fungua faili moja na kulitunza hadi mwisho: barua ya udahili, risiti zote, kibali cha mwanafunzi, nakala za kurasa za pasipoti zenye mihuri ya kuingia na kutoka, transkripti na cheti. Siku ya kuomba shahada itambuliwe nyumbani, ofisa anaweza kudai ushahidi kwamba kweli uliishi na kusoma ulikosema. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Shahada nayo ni mali, na daftari lake huanza siku ile unayoulizia ithibati.