Bendera ya mazishi ya mzazi aliyekuwa askari: ufanye nini nayo ukiwa ukimbizini?

RUBAVU – Familia zinazovuka Grande Barrière kutoka Goma hubeba kile ambacho mikono inaweza kushika: watoto, magodoro, sufuria, simu, bahasha ya karatasi. Katika mizigo ya baadhi yao kuna kitu kisicho na uzito mkubwa lakini chenye wasiwasi mwingi: bendera iliyofunika jeneza la baba au mama aliyekuwa askari. Wapo wanaoificha chini ya nguo. Wapo wanaoitupa kabla ya kufika mbele ya maofisa, kisha hujuta. Na wapo waliofika nayo salama, lakini sasa ndugu hawaelewani: nani aishike? Izikwe na mama atakapofariki? Ichomwe?

Makala haya yanaeleza bendera hiyo ni nini, na hatua unazoweza kuchukua. Kwa ufupi:

- Bendera ya mazishi ni kumbukumbu ya familia. Haikufanyi wewe kuwa askari.
- Usiitupe kwa hofu, na usiitundike nje ya nyumba.
- Bendera haina jina la mtu. Karatasi za marehemu ndizo zinazosema ilikuwa ya nani, kwa hiyo zitunze pamoja.

Bendera hii ina maana gani?

Katika mazishi ya kijeshi, bendera ya taifa huwekwa juu ya jeneza kuonyesha kwamba nchi inamtambua marehemu kama mtu aliyeitumikia. Kwa kawaida haiingii kaburini. Huondolewa kabla ya jeneza kushushwa, na katika majeshi mengi hukunjwa na kukabidhiwa mjane, mtoto au mzazi wa marehemu.

Ikishafika mikononi mwa familia, inakuwa kumbukumbu ya msiba. Haina cheo ndani yake wala haimpi mtoto kazi ya baba yake. Mtoto wa askari ni raia kama raia wengine.

Mbona bendera yetu haifanani na ya leo?

Watu wa mpaka huu wameona bendera nyingi. Mwaka 1994, upande wa Goma ilipepea bendera ya Zaire, ya kijani, yenye duara la njano na mkono ulioshika mwenge. Ilitumika kuanzia 1971 hadi 1997. Baada yake ikarudi bendera ya buluu yenye nyota kubwa ya njano na nyota ndogo sita pembeni. Tangu 2006 Kongo inatumia ile ya buluu ya mbingu, yenye nyota moja ya njano kwenye pembe ya juu na mstari mwekundu wa mshazari wenye kingo za njano.

Upande wa Gisenyi nako kulibadilika. Bendera ya nyekundu, njano na kijani yenye herufi R iliondolewa mwaka 2001, ikaja ya sasa ya buluu, njano na kijani yenye jua.

Kwa hiyo askari aliyezikwa mwaka 1985 alifunikwa bendera ya Zaire, na aliyezikwa mwaka 2010 alifunikwa ya leo. Wazee wa Force Publique waliopigana katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia walitumikia chini ya utawala wa Ubelgiji. Mmoja wao, Kaprali Albert Kunyuku, alivishwa nishani na Mfalme Philippe mjini Kinshasa mwezi Juni 2022, miaka 62 baada ya nchi kupata uhuru. Serikali hubadilika na bendera hubadilika, lakini utumishi wa mzee hubaki wake. Kuwa na bendera ya zamani hakumaanishi kwamba unaunga mkono utawala uliokwisha.

Nikivuka nayo mpakani, niseme nini?

Sema ukweli, kwa maneno machache. Mzigo ukifunguliwa, eleza: "Hii ni bendera ya mazishi ya baba yangu. Alikuwa askari, alifariki mwaka fulani." Ukiwa na picha ya mazishi au cheti cha kifo, viweke karibu na bendera ili uvionyeshe kwa haraka. Bendera iliyokunjwa vizuri pamoja na picha ya marehemu inajieleza. Ile iliyofichwa ndani ya godoro inaleta maswali.

Tofautisha vitu hivi:

- Bendera, picha, nishani na karatasi za marehemu ni kumbukumbu. Zibebe pamoja.
- Sare za jeshi, mikanda, risasi, maganda ya risasi au kipande chochote cha silaha usivibebe, hata kama vilikuwa vya baba. Ukimwona mtoto amevichukua kama mchezo, viache kabla ya mpaka. Ukigundua ukiwa tayari umevuka, mwambie ofisa aliye karibu, wala usivitupe njiani.
- Bendera au nembo ya kikundi chenye silaha si sawa na bendera ya taifa. Usiibebe.

Je, nitanyimwa ukimbizi kwa sababu baba alikuwa askari?

Kazi ya mzazi peke yake haikuondolei haki ya kuomba hifadhi. Sheria ya wakimbizi humwangalia mtu mwenyewe: anakimbia nini, na yeye binafsi alifanya nini. Ukiulizwa katika mahojiano kuhusu familia yako, usifiche kwamba mzazi alikuwa jeshini. Habari iliyofichwa leo ikijulikana kesho inaweza kudhoofisha maneno yako yote.

Kama wewe mwenyewe ulikuwa jeshini au katika kikundi chenye silaha, sema hivyo pia. Kuna utaratibu wa watu walioweka silaha chini, nao huangaliwa mmoja mmoja. Omba kuzungumza faragha na ofisa wa ulinzi wa HCR.

Naweza kuitundika nyumbani kambini?

Ndani ya nyumba, kwenye sanduku au kando ya picha ya marehemu, ni jambo la familia. Nje ni jambo jingine. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 kuhusu wakimbizi, ambao Rwanda na Kongo zimeuridhia, unasema kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu. Unamtaka mkimbizi naye asifanye jambo la kuchochea uhasama kati ya nchi. Bendera juu ya paa inaweza kusomwa kama tangazo la kisiasa hata kama wewe unaomboleza tu.

Fikiria pia majirani. Katika kambi moja wapo watu waliokimbia makundi na majeshi tofauti. Kitambaa kinachokutuliza wewe kinaweza kumrudishia mwenzako usiku alioukimbia. Hapa Rwanda, bendera ya zamani yenye R inawakumbusha wengi mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Isionyeshwe hadharani.

Kwa wenyeji wanaopokea wageni: ukiona bendera ya nchi nyingine ndani ya nyumba ya jirani mkimbizi, muulize kwanza ni ya nani kabla ya kumdhania. Mara nyingi jibu litakuwa jina la mzazi.

Karatasi zina nguvu kuliko kitambaa

Bendera haina namba, na bendera mia moja zinafanana. Mjane au yatima anayedai haki za marehemu katika Wizara ya Ulinzi na Maveterani ya Kongo hataulizwa bendera. Ataulizwa karatasi. Kama lazima uchague kimoja wakati wa kukimbia, chukua karatasi na upige picha ya bendera.

Andika kwenye karatasi safi, kwa kalamu ya risasi kwa sababu wino hutoka ukilowa:

1. majina kamili ya marehemu, mahali na mwaka wa kuzaliwa;
2. namba yake ya jeshi (matricule), cheo na kikosi;
3. tarehe na mahali alipofariki;
4. kaburi liko wapi, pamoja na alama za kulitambua;
5. nani alikabidhiwa bendera siku ya mazishi.

Weka karatasi hiyo pamoja na bendera. Usiandike juu ya bendera yenyewe. Piga picha za kadi ya huduma, cheti cha kifo, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kisha mtumie ndugu mmoja unayemwamini aliye mahali pengine. Kama mama au bibi bado yupo, mrekodi kwa simu akieleza siku ile ya mazishi. Anayoyajua hayamo kwenye karatasi yoyote.

Jinsi ya kuitunza

Adui mkubwa huku kwetu ni unyevu, hasa katika mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba.

- Hakikisha imekauka kabisa kabla ya kuikunja. Ikifungwa kwenye plastiki ikiwa na unyevu, itaota ukungu.
- Ifunge kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa. Iweke kwenye sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na jiko la makaa na panya.
- Kabla ya kuifua, gusa rangi nyekundu kwa kitambaa cheupe chenye maji. Rangi ikitoka, usiifue: ipunge vumbi tu. Usitumie Javel. Ianike kivulini.
- Kila baada ya miezi michache ifungue, ipigwe hewa, kisha ikunje kwa mikunjo mingine ili isikatike mahali pamoja.

Kuna jamboambalo wengine huliona aibu kulisema. Kama usiku wa kuvuka ulimfunika mtoto kwa bendera ya babu yake kwa sababu hapakuwa na blanketi, hukumvunjia mzee heshima. Ifue ikiwezekana, ikaushe, na uendelee kuitunza.

Ndugu wakigombana

Usiikate vipande ili kila mtoto apate chake. Kaeni pamoja, hata kwa simu, mchague mtunzaji mmoja. Si lazima awe mtoto wa kwanza wa kiume. Anayefaa ni yule mwenye nyumba kavu na moyo wa kutunza, awe binti au mjane mwenyewe. Andikeni makubaliano mafupi: nani anaitunza, wengine wataiona lini, na akifa au akihamia nchi nyingine itapita kwa nani. Wengine wapewe picha ya bendera na nakala za karatasi. Mama akifariki, bendera inaweza kuwekwa ikiwa imekunjwa kando ya picha zao wawili wakati wa kilio, kisha ikarudi kwa mtunzaji.

Ikichakaa au msipotaka kuitunza tena

Mnaruhusiwa kuamua kuiaga. Kwa Marekani, kwa mfano, sheria ya bendera inapendekeza bendera iliyochakaa ichomwe kwa heshima. Kambini hatushauri hivyo: moto wa nje ni hatari kwa nyumba zilizobanana, nailoni hutoa moshi mbaya, na anayeona bendera ikiungua anaweza kudhani ni tusi kwa taifa. Kuizika ni salama zaidi. Ikunjeni, ifungeni kwa kitambaa cheupe, ombeni kwa desturi au dini yenu, muizike mahali tulivu kwa ruhusa ya mwenye ardhi au uongozi wa kambi. Kama siku moja mtafika kwenye kaburi la mzazi, hapo ndipo mahali pake. Kabla ya hapo, pigeni picha.

Mkihamishiwa nchi ya tatu

Ule mfuko mweupe wa IOM ni wa karatasi na hautoki mkononi. Weka humo karatasi za marehemu. Bendera iwe kwenye mzigo wa mkononi, si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege.

Baadhi ya vijana waliohamia Marekani huingia jeshini huko. Familia zao zijue kwamba askari mstaafu hupewa bendera moja tu ya mazishi, ya takribani mita 1.5 kwa 2.9, na serikali haitoi nyingine ikipotea.

Nani wa kuuliza

Kwa swali la mzigo, karatasi zilizopotea au historia ya familia yako, nenda kwenye dawati la ulinzi la HCR au kwa ofisa wa MINEMA katika kituo cha Nkamira au kambini kwako. Huduma hiyo ni bure. Mtu akikuomba pesa ili "akusaidie" kuipitisha bendera, kumbuka alivyofanana, kataa, na utoe taarifa.